Folda zilizokaribia kuwa pacha: uchambuzi wa kisa cha diski moja ya ofisi

Majina ya watu, taasisi na kazi zao yameondolewa, na idadi za faili zimekadiriwa ili mhusika asitambulike. Mtiririko wa mambo na sababu za kila uamuzi vimeachwa jinsi vilivyokuwa.

## Mazingira

Kitengo cha machapisho cha taasisi moja kina watu watano: mkuu wa kitengo, mhariri, msanifu wa kurasa, mpiga picha, na mtu wa kompyuta ambaye hapa nitamwita fundi. Wanatoa ripoti, vijitabu na vipeperushi. Wanne wanatumia Windows, mpiga picha anatumia Mac. Kila mtu hufanya kazi kwenye kompyuta yake, na kazi ikiiva huhamishiwa kwenye diski ya nje ya TB 2 iliyochomekwa kwenye kompyuta ya mkuu na kufikiwa na wenzake kupitia mtandao wa ofisi. Diski hiyo ndiyo iliyokuwa ghala lao lote. Iliandaliwa kwa mfumo wa exFAT ili Mac na Windows ziweze kuiandikia, jambo lililokuja kuwa na uzito baadaye.

Kwa miaka kadhaa diski iliendeshwa kwa mtindo wa "nakili kwanza, tutapanga siku nyingine". Kompyuta ikibadilishwa, kila kilichokuwamo kilimwagwa kwenye diski chini ya jina kama "BACKUP desktop ya zamani". Mtu akiogopa kuharibu kazi, alinakili folda nzima kabla ya kuigusa. Flash ikirudi kutoka kwa mchapaji, yaliyomo yalibandikwa kando ya yale yaliyokuwapo. Kukawa na "Kazi zote", "Kazi zote mpya", "Kazi zote mpya - Copy", na nyingine iliyoitwa "USIFUTE" ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliipa jina hilo wala kwa nini. Baadhi yake zilikuwa na nakala za folda za juu ndani yake, hivyo mtu angeweza kushuka ngazi nyingi na mwishowe akutane tena na jina aliloanzia.

Hizi hazikuwa nakala kamili. Nakala kamili haisumbui: unafuta moja, inabaki nyingine, hakuna kilichopotea. Hapa folda mbili zilishiriki faili nyingi mno, lakini kila moja ilikuwa na kitu kidogo ambacho mwenzake hakuwa nacho.

## Kilichoanzisha suala

Mambo mawili yalitokea karibu pamoja. La kwanza, diski ilijaa wakati msanifu akihifadhi ripoti, na faili ikakatika katikati. La pili lilikuwa zito zaidi. Kijitabu kilichokuwa njiani kwenda kuchapwa kilifunguliwa kutoka folda isiyo sahihi, na maandishi yaliyopelekwa kwa mchapaji yalikuwa ya kabla ya masahihisho ya mwisho. Mhariri aligundua aliposoma karatasi za majaribio. Wangechelewa kidogo tu, vitabu vyenye makosa vingekuwa vimeshafungwa.

Mkuu aliona tatizo kuwa ni nafasi: diski imejaa nakala, nakala zifutwe. Agizo likatoka hivyo. Mimi nasema tukio la pili ndilo lililoeleza ugonjwa halisi. Ofisi haikujua tena ipi ni kazi yenyewe na ipi ni kivuli chake. Hata diski ingekuwa kubwa mara kumi, kijitabu kile kingeweza kutoka na maandishi ya zamani.

## Jaribio la kwanza, na kwa nini liliharibu

Fundi alitumia programu ya kutafuta faili zinazofanana. Programu za aina hii ni nyingi na nzuri (fdupes, rdfind, dupeGuru, Czkawka), na aliyoitumia ilifanya kazi yake sawasawa. Ilileta orodha ya makumi ya maelfu ya mistari. Hakuna binadamu anayeweza kuisoma orodha kama hiyo, kwa hiyo fundi akachagua kanuni ya kujiendesha: katika kila kundi la faili zinazofanana, ibaki ile ya zamani zaidi, nyingine zifutwe.

Tatizo ni kwamba Windows inaponakili faili, tarehe ya kurekebishwa haibadiliki. Huja nayo vilevile. Faili za folda mbili zilikuwa na tarehe ileile, na "ya zamani zaidi" haikuwa na maana. Programu ikaamua kwa mpangilio wake wa ndani: faili hii ikabaki upande wa kushoto, ile ikabaki upande wa kulia. Kwa hesabu ya programu hakuna data iliyopotea, kwa sababu kila faili ilibakiwa na nakala angalau moja mahali fulani kwenye diski. Lakini folda zote mbili zilitoboka. Kijitabu kilichokuwa na kurasa na picha zake mahali pamoja sasa kilikuwa na kurasa huku na nusu ya picha kule.

Msanifu ndiye aliyegundua. Faili ya kurasa haibebi picha ndani yake. Inakumbuka tu anwani ya kila picha kwenye diski. Alipofungua ripoti ya mwaka uliotangulia, kila ukurasa ulimwonyesha kisanduku chenye alama ya picha isiyopatikana.

Kilichookoa ni kwamba programu ilikuwa imeachwa kwenye mpangilio wake wa kawaida wa kupeleka faili kwenye pipa la taka, na fundi aliiendesha kwenye kompyuta ambayo diski imechomekwa. Faili inayofutwa kupitia mtandao wa ofisi kwa kawaida haipiti kwenye pipa. Inaondoka moja kwa moja. Faili zikarudishwa mahali pake.

Natumia muda hapa kwa sababu kosa hili hurudiwa sana na linaonekana kama usafi. Programu ya faili inakuuliza swali la faili: "hizi mbili ni sawa, ibaki ipi?" Swali la ofisi lilikuwa la folda: "kazi hii iko wapi, kamili?" Ukijibu la kwanza mara elfu ishirini, la pili halijajibiwa hata mara moja, na huenda umeshalifanya lisijibike.

## Kusimama kwanza

Uamuzi wa kwanza wa maana ulikuwa kuacha kufuta. Ruhusa ya diski kwenye mtandao ikabadilishwa kuwa ya kusoma tu, na kazi za siku zikahamia folda moja mpya kwenye kompyuta ya mkuu. Kisha diski nzima ikanakiliwa kwenye diski nyingine iliyonunuliwa kwa kazi hiyo.

Mkuu alilalamika kwamba wanaongeza nakala badala ya kupunguza. Fundi alikuwa na sababu mbili. Kusoma kila faili tangu mwanzo hadi mwisho ili kuilinganisha ni kazi nzito kwa diski iliyochoka, na kama ingekufa basi ingekufa katikati ya kazi hiyo. Pia, mpaka wakati huo ofisi haikuwa na nakala rudufu hata moja. Walikuwa na nakala tano za kitu kilekile kwenye diski ileile, na diski hiyo ikianguka chini zote tano zinakwenda pamoja. Kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh inataka nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Wao hawakuwa wamefika hata kwenye mbili.

Kunakili kwenyewe kulikwama mara moja. File Explorer ilikataa folda zilizokuwa ndani kabisa, kwa sababu anwani zake zilivuka herufi 260 ambazo programu nyingi za Windows zimezichukulia kuwa kikomo tangu zamani. Wakahamia `robocopy`, amri ya kunakili inayokuja na Windows, ambayo inazimudu anwani ndefu na inatoa orodha ya kilichoshindikana. Folda zilizonakiliwa ndani ya folda ndizo huzaa anwani hizo ndefu.

## Orodha ya faili

Baada ya hapo hawakulinganisha folda moja kwa moja. Waliandaa orodha: kwa kila faili, folda ilimo, ukubwa, tarehe ya kurekebishwa na heshi ya SHA-256. Heshi ni namba inayokokotolewa kutokana na kila baiti ya faili. Badilisha herufi moja, namba yote inabadilika. PowerShell, dirisha la amri linalokuja na Windows, inakokotoa kwa amri ya `Get-FileHash`, na SHA-256 ndiyo chaguo lake la kawaida, kwa hiyo hapakuhitajika kusakinisha kitu. Kuna waliopendekeza MD5, njia ya zamani zaidi ya kukokotoa heshi, kwa kuwa ni nyepesi. MD5 na SHA-1, njia nyingine ya zamani, zote mbili zimeshavunjwa kwa maana ya kiusalama, na mwaka 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walionyesha faili mbili tofauti zenye SHA-1 moja. Lakini hiyo ni kazi ya mtu anayedhamiria. Kwa kulinganisha ripoti zako mwenyewe yoyote ingetosha. Kilichoamua ni kilichokuwapo mezani.

Kabla ya kuhesabu chochote, vitu vitatu viliondolewa kwenye orodha.

Kwanza ni takataka za mfumo. Windows huacha `Thumbs.db` na `desktop.ini`, Mac huacha `.DS_Store`, na kwenye diski ya exFAT Mac huongeza pia faili ndogo zinazoanza na `._` kando ya faili halisi. Folda mbili zilizo sawa kabisa zinaonekana tofauti kwa sababu tu mpiga picha alifungua moja kwenye Mac yake.

Pili ni faili tupu. Faili yoyote yenye baiti sifuri ina heshi ileile, inayoanza na `e3b0c442`, iwe ni maandishi, picha au kitu kingine chochote. Ukiziacha, folda mbili zisizohusiana zinaonekana kushirikiana. Hazikutupwa, ziliwekwa pembeni, na nyingi zilikuwa faili zilizokatika siku diski ilipojaa.

Tatu ni faili zilizotapakaa kila mahali: nembo ya taasisi, fonti, karatasi yenye kichwa cha barua. Nembo ilikuwamo kwenye mamia ya folda. Faili yoyote iliyotokea kwenye folda zaidi ya hamsini haikuhesabiwa kama ushahidi wa undugu.

Hatua hii ya tatu ilirahisisha pia hesabu. Folda elfu nane zikilinganishwa kila moja na kila nyingine ni jozi karibu milioni 32. Badala yake walianzia kwenye heshi: kwa kila heshi, taja folda zilimo, kisha hesabu tu jozi zinazoshiriki angalau faili moja. Zilizobaki hazihitaji kutazamwa. Kazi hiyo iliingia kwenye skripti fupi, na lililochukua muda lilikuwa kusoma diski, si kuhesabu.

## Kupima kufanana, na kipimo kilichopotosha

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha Jaccard, kilichotokana na mtaalamu wa mimea wa Uswisi Paul Jaccard mwanzoni mwa karne ya 20, alipokuwa akilinganisha mimea ya maeneo ya milima ya Alpi. Unachukua idadi ya vitu vilivyo pande zote mbili na kuigawa kwa idadi ya vitu vyote kwa pamoja. Kinavutia kwa sababu kinatoa namba moja kati ya 0 na 1. Fundi akaweka mpaka: jozi yenye zaidi ya asilimia 80 ndiyo itazamwe.

Folda ya kwanza aliyoijua kwa macho kuwa ni nakala haikutokea kwenye orodha. Ilikuwa na faili 400. Ile "Kazi zote mpya" iliyoimeza ilikuwa na 1,000. Walishiriki 396. Kwa Jaccard hiyo ni 396 kwa 1,004, yaani asilimia 39, chini kabisa ya mpaka. Lakini ukiuliza swali jingine, yaani ni sehemu gani ya folda ndogo iliyomo ndani ya kubwa, jibu ni 396 kwa 400, asilimia 99.

Andrei Broder alizitenganisha hizi mbili mwaka 1997 alipokuwa akitafuta kurasa za mtandao zinazokaribiana: kufanana ni jambo moja, kumezwa ni jambo jingine. Kwenye diski ya ofisi kumezwa ndiko kunakosema zaidi, kwa sababu folda za watu hukua. Nakala ya mwaka juzi haifanani na folda ya leo. Imo ndani yake. Wakaweka safu tatu: kufanana, kumezwa kwa A ndani ya B, na kumezwa kwa B ndani ya A. Safu mbili za mwisho zina mwelekeo, na mwelekeo ndio unaokuambia nani anaweza kuondoka.

Hata hivyo asilimia peke yake haikutosha. Folda moja ya video ilikuwa na faili 60, na 58 zilikuwamo kwenye folda nyingine: manukuu, vijipicha, barua za ruhusa. Mbili zilizobaki ndizo zilikuwa video zenyewe. Asilimia 97 ya folda ilikuwa salama, na karibu kila kitu chenye thamani kilikuwa kwenye ile 3. Kuanzia hapo kila jozi ilipimwa kwa idadi na kwa ukubwa pia, na muhimu zaidi, skripti ikaambiwa ichapishe majina ya faili ambazo ziko upande mmoja tu. Wao waliziita mabaki. Jozi ikawa haisomwi kwa kilichofanana bali kwa mabaki yake. Kama kuna wazo moja la kuchukua kutoka kisa hiki, mimi ningechukua hilo, maana faili 396 zinazofanana hazihitaji uamuzi wa mtu yeyote. Zile nne ndizo zinazouhitaji.

Jambo dogo la utaratibu: folda mbili zikifanana, folda zake za ndani nazo zinafanana, na orodha inajaa jozi zilizo watoto wa jozi nyingine. Skripti ilionyesha jozi ya juu kabisa tu na kuzificha nyingine chini yake.

## Jozi moja, kwa karibu

Jozi iliyosababisha kijitabu kuponea chupuchupu ilikuwa folda ya kazi hiyo na nyingine yenye jina lilelile likiishia na "- Copy". Zilishiriki karibu kila kitu. Mabaki yalikuwa haya:

- Upande wa asili: faili ya Word ya sura ya tatu, picha moja ya JPEG.
- Upande wa Copy: faili ya Word ya sura ya tatu, picha hiyohiyo ya JPEG, faili ya kurasa, na faili ya maandishi matupu iitwayo `maoni.txt`.

Mtu yeyote angefuta Copy. Jina lenyewe linasema ni nakala.

Picha zilitofautiana heshi lakini zilionekana sawa kwa jicho. Mpiga picha aliongeza maelezo ya picha, na maelezo hayo huandikwa ndani ya faili bila kugusa picha yenyewe. Kazi hiyo aliifanya upande wa Copy tu.

Faili za Word nazo zilikuwa na ukubwa unaokaribiana. Faili ya docx ni mfuko wa ZIP wenye faili kadhaa ndani, na mojawapo huweka tarehe ya kuhifadhiwa mara ya mwisho. Ukifungua na kuhifadhi bila kubadilisha neno, heshi inabadilika. Tofauti ya heshi kwa docx kwa hiyo haithibitishi kwamba maandishi yametofautiana. Fundi alizigeuza zote mbili kuwa maandishi matupu na kuyalinganisha. Aya mbili zilikuwa tofauti, nazo zilikuwa masahihisho ya mwisho. Yalikuwa upande wa Copy.

Na `maoni.txt` ilikuwa orodha ya masahihisho hayohayo.

Fundi alipomwonyesha mhariri jozi hii, jibu lilikuja mara moja: "Kaka, hiyo Copy ndiyo yenyewe. Ile nyingine sijaigusa tangu yalipokuja maoni." Alikuwa amenakili folda kwa usalama, akanuia kuendelea na ile ya asili, kisha siku ya pili akafungua Copy bila kuangalia na kazi ikaendelea humo. Nani hajawahi kufanya hivyo?

Tarehe zilikuwa zimeshatoa fununu. Kwenye Windows faili iliyonakiliwa hupata tarehe mpya ya kuundwa lakini hubaki na tarehe ya zamani ya kurekebishwa, kwa hiyo inaonekana imerekebishwa kabla ya kuzaliwa. Ukikuta faili nyingi za folda ziko hivyo, folda hiyo ilizaliwa kwa kunakiliwa. Lakini ukikuta ndani yake chache ambazo zimerekebishwa baada ya kuundwa, mtu amefanya kazi humo. Copy ilikuwa na nne za namna hiyo, ndizo zile za kwenye mabaki.

Tarehe zilitumika kama fununu tu, si hukumu. Faili zilizopita kwenye flash ya FAT32 hupoteza usahihi, kwa kuwa mfumo huo unahifadhi muda wa kurekebishwa kwa hatua za sekunde mbili, na huandika saa ya mahali ulipo bila kutaja ni ya ukanda upi. Faili moja iliyosafiri inaweza kurudi ikiwa na tofauti ndogo ambayo haina maana yoyote.

## Maamuzi

Jozi ziligawanywa makundi matatu. Zilizomezwa kabisa, mabaki ya folda ndogo yakiwa sifuri, zilihamishwa na fundi bila kumuuliza mtu. Zenye mabaki machache upande mmoja zilikwenda kwa mwenye kazi, akiwa na orodha ya mabaki pekee. Zenye mabaki pande zote mbili, kama ile ya kijitabu, hazikuguswa mpaka mwenye kazi akae na fundi mezani.

Hakuna kilichofutwa katika hatua hii. Folda zilihamishiwa kwenye folda iitwayo KARANTINI kwenye diski ileile, zikiwa na anwani zake kamili ndani yake, ili kurudisha kuwe ni kuvuta tu. Kila uhamisho uliendeshwa kwanza kwa `robocopy /L`, ambayo inaorodhesha ambacho ingefanya bila kukifanya. Wa Linux na Mac wana `rsync -n` kwa kazi hiyohiyo.

Fundi alipendekeza njia nyingine wakaikataa: kuacha folda zote mahali pake, lakini faili zinazofanana ziwe majina mawili yanayoelekea kwenye data moja. Nafasi inarudi, hakuna folda inayotoboka. Kwanza, exFAT haiwezi jambo hilo. Pili, na hili ndilo la msingi, kuna programu zinazoandika juu ya faili ilipo. Mtu akirekebisha jina moja, la pili nalo limebadilika bila yeye kujua. Kwa ghala lisiloguswa ni njia nzuri. Kwa folda ambazo watu hufungua na kuhifadhi kila siku ni mtego, na hapa wangekuwa wamechukua tatizo la folda mbili zinazotofautiana na kulifanya lisionekane.

Folda ya hifadhi ya mtandaoni ya mpiga picha iliachwa nje kabisa. Faili nyingi humo zilikuwa vivuli tu, data yenyewe ikiwa kwenye seva. Skripti ilipojaribu kusoma ya kwanza, kompyuta ikaanza kuishusha, na ingeendelea kushusha zote.

## Matokeo

Zaidi ya theluthi ya diski ilirudi, na sehemu kubwa ilitokana na kundi la kwanza, yaani nakala za kompyuta zilizobadilishwa. Folda USIFUTE ilikuwa imemezwa yote, isipokuwa faili moja: mkataba uliopigwa skani na kuhifadhiwa humo tu. Yumkini ndio uliokuwa sababu ya jina.

Wakati wa karantini folda mbili ziliitwa zirudi. Moja ilikuwa imemezwa kwa heshi zote, lakini ripoti ya zamani ilikuwa ikitafuta picha kwenye anwani ya folda hiyo. Data ilikuwapo, anwani haikuwapo. Msanifu aliielekeza upya kwenye folda iliyobaki, na kuanzia hapo kuzifungua faili za kurasa ikawa sharti kabla ya karantini kumalizwa. Kwa ya pili, mkuu alitaka tu mpangilio wake uliozoeleka, na akaachiwa.

Miezi michache baadaye folda zenye "- Copy" zilianza kuchipua tena.

## Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa zaidi ni kuwapa watu mabaki badala ya folda. Mhariri aliyekuwa hawezi kuangalia orodha ya faili elfu moja aliamua jozi ya faili sita kwa dakika chache, kwa sababu aliulizwa kitu anachokijua. Fundi hawezi kujua ni sura ipi ya mwisho, na hakuna kipimo kitakachomwambia.

Karantini ilifaa kwa sababu ambayo heshi haiwezi kuiona. Heshi inajua yaliyomo, haijui nani anaitegemea anwani. Ofisi yenye majedwali yanayosomana, video zinazohaririwa au kurasa zenye picha za nje haipaswi kuruka hatua hiyo hata kama hesabu inasema mabaki ni sifuri.

Upande wa picha mradi ulishindwa, na ilikuwa heri kukubali hivyo mapema. Picha iliyopunguzwa ukubwa ili itumwe kwa barua pepe ni faili nyingine kabisa kwa heshi, hata kama jicho linaona picha moja. Zipo programu zinazolinganisha picha kwa sura. Czkawka na dupeGuru zina njia hiyo. Lakini zinatoa makisio, na makisio juu ya picha elfu nyingi za matukio yanayofanana yangehitaji macho ya mpiga picha kwa wiki kadhaa. Folda zake mbili kubwa ziliachwa zote, kila moja ikiwekewa faili `SOMA_KWANZA.txt` inayoeleza ipi ina picha asili na ipi ina zilizopunguzwa.

Kushindwa kukubwa kulikuwa kwa utaratibu. Muda wote ulikwenda kwenye kusafisha, na hakuna aliyeuliza kwa nini mhariri alihitaji kunakili folda nzima ili ajisikie salama. Alihitaji kurudi nyuma akikosea, na ofisi haikumpa njia nyingine. Nakala zilipoanza kurudi, fundi alifanya kile ambacho kingepaswa kufanywa mwanzoni: akawasha uhifadhi wa matoleo ya faili kwenye kompyuta ya mhariri na ya msanifu, akawaonyesha namna ya kurudisha toleo la jana. Mhariri hanakili tena. Msanifu bado ananakili. Anasema hawezi kuamini kitu asichokiona kwenye folda. Walipatana kwamba nakala zake ziwe na tarehe kwenye jina, zikae kwenye folda moja ya "zamani" ndani ya kazi husika, na skripti ya mabaki iendeshwe juu ya folda hizo kazi ikishachapwa.